Uso Aliousugua Nduku

Vidole vyangu havina alama. Mara ya mwisho nilipokwenda kusajili laini ya simu, msichana wa dukani alinipangusa kwa kitambaa, akanipaka mafuta, akajaribu kidole baada ya kidole mpaka akachoka, kisha akaniuliza kwa upole, "Shosho, uko sure wewe ni mtu?" Nilimwambia aulize msasa. Kwa hivyo ninyi mlioingia kwenye kazi ya vinyago juzi na mashine zenu za umeme, mkiona nahangaika kufungua simu, msinicheke. Alama zangu ziko kwenye twiga na vifaru waliokaa sebuleni mwa watu nisiowajua.

Nilisugua vinyago Sultan Hamud maisha yangu yote ya kazi, katika banda la mabati nyuma ya maduka yanayotazama barabara ya Mombasa. Wanaume walichonga, wanawake tulisugua. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini siku niliyoomba kushika tezo ya kuchongea nilichekwa mpaka nikaomba radhi. Basi ukiona kinyago kinang'aa, usimsifu mchongaji peke yake. Yeye anakuachia mti wenye makovu. Unaanza na msasa mkali, unafuata nyuzi za mti, huzikati hata ukiwa na haraka. Kisha unalowesha kitambaa, unafuta, unauacha mti usimamishe manyoya yake, na ukikauka unarudi na msasa laini. Wengi wenu mnaruka hapo pa maji. Ndiyo maana kazi yenu inateleza dukani, na mwezi ukipita mtu akiishika inamkwaruza. Na mvue pete jamani. Pete moja inaharibu shavu ulilolihangaikia kutwa.

Haya yote nilifundishwa na Nduku. Alikuwa ametoka Kwa Vonza akiwa mjane na watoto, akapanga chumba hapo Sultan Hamud, akanitangulia bandani. Alikuwa na mdomo, na alikuwa na kipande cha mbao cha kunigongea vifundo vya vidole. Nakumbuka kifaru mmoja aliyechongwa na pembe iliyopinda upande. Mimi kwa wema wangu nikaisugua mpaka ikanyooka, na ikabaki fupi, na yule mnyama akafanana na nguruwe aliyeshtuka. Nduku alikishika kile kinyago, akanitazama, akanigonga.

"Wewe si mchongaji," akasema. "Msasa yako iguse ngozi, isiguse sura. Ukibadilisha kitu cha Mzee, hiyo ni wizi."

Mzee ni Mzee Nzioka, mwenye banda. Wanyama aliwajua wote, hata wale ambao sidhani aliwahi kuwaona. Binadamu alimjua mmoja tu. Uso mrefu, mashavu yaliyoinuka, midomo imefungwa, macho nusu. Tulimwita Bwana Yule. Akipewa mkuki alikuwa moran, akipewa jembe mkulima, akivalishwa kilemba ni Yusufu wa Bethlehemu. Kanisa moja liliwahi kuagiza familia takatifu pamoja na mamajusi, na walipopangwa madhabahuni walionekana watu wa mama mmoja, Maria akiwemo. Mzee hakuona shida. Alisema wote si ni watoto wa Mungu.

Sasa nifike kwa Kyalo. Kyalo alikuwa kitinda mimba wa Nduku. Alitambaa kwenye maranda ya banda letu, na sote tulimpangusa unga wa mbao puani kwa zamu. Alipokua alirudi Kwa Vonza akaanza kupakia mchanga mtoni. Mnaijua Tiva ninyi. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, na lori zinaingia na kutoka kuupeleka mchanga huo mijini, ujenge maghorofa. Maji yenyewe hayapigi hodi. Mvua inanyesha huko juu milimani, nyinyi mko chini kwenye jua kali, mara mnasikia mngurumo. Siku hiyo wenzake walikimbia. Kyalo alikuwa ndani ya shimo, mchanga ulikuwa umemfika kifuani.

Alitafutwa mpaka watu wakakosa pa kutafuta. Hakikupatikana hata kiatu.

Sikutaka kuwaambia haya, lakini bila haya hamtaelewa mengine. Mtu asiye na kaburi watu hawamwachi. Mara mtu amemwona Kyalo Mtito Andei akiuza vitunguu. Mara amekimbia deni, mara ameoa Mombasa. Nduku alikuwa akisikia hayo yote anapokwenda nyumbani, na akirudi bandani alisugua bila kusema na mtu. Kando ya kaburi la mumewe palikuwa na nafasi wazi, na kila alipokwenda alipalilia hiyo nafasi. Niliwahi kumsindikiza, nikamkuta ameinama, anang'oa magugu mahali pasipo na mtu. Nilisimama pale na kikombe changu cha chai, nikashindwa kuinywa.

Halafu akaja Mwende. Binti kutoka Zombe, amesomea sanaa Nairobi, nywele za rasta, viatu vya askari. Nduku alimtazama miguu akamuuliza anaenda vita gani. Mwende alicheka. Alikuwa amepewa kazi na mall mpya iliyokuwa ikifunguliwa Kitui mjini. Walitaka kinyago kikubwa cha mjenzi, cha kuwashukuru waliolijenga jengo. Mwende akaja na gogo la mjakaranda kwenye pickup, pamoja na mchoro wake, akautandaza mbele ya Mzee Nzioka. Ulikuwa wa kijana aliyezama mchangani mpaka kifuani, mkono mmoja umeinuka na chepe, mdomo wazi.

"Huyu anaimba?" Mzee akauliza.

"Anaita watu, mzee."

"Na watu wako wapi?"

"Wako shopping."

Mzee alikohoa. Mimi nilimtazama Nduku, na Nduku akautazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye swara aliyekuwa akimsugua.

Mwende alikuwa ameona vinyago vyetu dukani na alimtaka Bwana Yule hasa. "Nataka uso isiyo ya mtu yeyote," alisema. "Ndio kila mtu ajiulize." Mzee alifurahi, maana ndio uso pekee aliokuwa nao. Mjakaranda ni mti mwepesi, unakubali haraka, na haikuchukua muda mrefu Bwana Yule akatokeza, safari hii akiwa mkubwa kama mtu na kinywa wazi. Mimi nilipewa mkono na chepe. Nduku akapewa kichwa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa nyuso kumshinda.

Nilikuwa nimekaa karibu naye. Mwanzoni sikuona kitu. Baadaye nikagundua kuwa unga unaomwangukia mapajani ni mwingi mno. Kidole gumba chake kilikuwa kwenye shavu, kinakwenda na kurudi, na shavu lilikuwa linashuka. Akashuka mpaka kwenye kidevu. Akanyoosha mkono akachukua tupa, chombo ambacho sisi wanawake hatukukigusa, akaanza kupunguza paji.

"Nduku," nikamwambia, "unabadilisha."

Alikunja karatasi ya msasa, akatumia ukingo wake kukata alama ndogo kwenye nyusi ya kulia. Kyalo aliwahi kuanguka juu ya jembe akiwa mdogo, na nyusi yake haikuota tena hapo. Huyu mwanamke aliyenigonga vidole kwa ajili ya pembe ya kifaru alikuwa anamwondoa Bwana Yule na kumrudisha mwanawe. Nikasogeza kigoda changu, nikakaa katikati yake na wanaume, nikawapa mgongo ili wasione.

Asubuhi yake Mzee Nzioka alikuja kukagua. Akainama, akatazama. Akavua kofia. Nduku alikuwa amesimama, ameshika kiuno, tayari kwa matusi. Mzee alizunguka kile kichwa, akarudi mbele.

"Taya ya kushoto bado," akasema. "Yake ilikuwa imekaa ndani kidogo." Akachomoa patasi yake mfukoni, akampa.

Ninyi mnaoona wasichana wakichonga siku hizi hamwezi kujua ile ilikuwa ni nini. Nduku aliishika ile patasi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzake, akafanya taya. Hakuna aliyecheka.

Mwende alipokuja alisimama ghafla. "Hii uso ni ya nani?"

"Ya mtu hayuko," Nduku akamjibu.

"Mwaitu," akamwita mama kwa Kikamba, "tulisema isikuwe ya mtu."

"Basi haiko ya mtu. Si nimekwambia hayuko?"

Mwende alitutazama mmoja mmoja. Hakuuliza tena, na kwa hilo nilimpenda. Tulikinywesha kinyago dawa ya mchwa kwa brashi mpaka mti ukakataa kunywa, kisha tukakipaka vanishi tabaka juu ya tabaka. Mall walitaka kidumu. Sisi nasi tulifanya hivyo kwa fahari, maana mchwa ndiye adui wa banda lolote, na niliwahi kuona swara wa dukani ambaye ukimgusa unabaki na ngozi tu mkononi.

Siku ya kufunguliwa mall tulikwenda tumevaa nguo za kanisani. Katikati ya ile sakafu inayoteleza walikuwa wameacha mraba bila vigae, wakaujaza mchanga wa kweli kutoka Tiva, na Kyalo alikuwa humo, amezama kifuani, akiita. Mbele yake Mwende alikuwa ameandika sakafuni kwa herufi kubwa: UMESIMAMA JUU YA NANI? Meneja alitarajia mjenzi mwenye helmeti na tabasamu. Alisimama kando anajipangusa shingo.

Watu walizunguka na vikapu vyao. Mtoto mmoja aliuliza kama yule mtu atatolewa, mamake akamvuta mkono. Mwanamume mmoja mwenye lori zake alisema kwa sauti kwamba hayo ni matusi, mchanga wake una kibali. Mama wa kanisa akasema ni sanamu, na sanamu Mungu amekataa. Vijana walipiga selfie wakiwa wamefungua midomo kama yeye, wakicheka. Nilitaka kuwachapa kwa mkoba. Nduku alinishika mkono. "Wacha," alisema. "Wanamwona."

Tangu hapo alikwenda kila Jumamosi. Alikaa kwenye ukingo wa ule mraba, viatu amevivua. Meneja alidhani ni mwanamke aliyechoka na ununuzi. Ilikuwa hivyo mpaka kijana mmoja wa bodaboda wa Kwa Vonza alipopita kununua unga, akasimama, akapaza sauti: "Ala! Huyu si Kyalo wa Nduku?" Akapiga picha. Picha ikaenda kwenye simu za watu wote wa mto.

Wakaanza kuja akina mama. Wengine walikuwa wa Kwa Vonza, wengine wametoka Zombe, wengine hata sijui walitoka wapi. Kumbe Tiva na mito nduguze ilikuwa imewachukua wengi. Walivua viatu kando ya mchanga, wakakaa, wakaimba nyimbo za matanga hatua chache kutoka kwa watu waliopanga foleni na maziwa na sabuni. Wenye maduka wakalalamika. Anayekuja kununua televisheni akikuta kilio, anaahirisha.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Aliwaletea maji ya chupa. Lakini alikuja akachuchumaa mbele ya Nduku akasema, "Mama, pole sana. Lakini hapa ni mahali pa biashara, si pa matanga. Nimeambiwa hii kitu itoke." Nduku akamuuliza matanga wayafanyie wapi.

Mwende alikuwa amepata jumba la sanaa Nairobi lililokitaka kinyago, na huko kingezungumziwa na kuandikwa. Alikuja na pickup. Fundi alikuwa ameshachimbua mchanga na kufungua nati za chini. Nduku alikuwa amekaa ndani ya mraba, mkono juu ya kile kichwa.

"Mwaitu, kule Nairobi watu wengi watamwona," Mwende akamwambia. "Itasaidia. Ile story haitakufa."

"Wamemwona ya kutosha. Nataka nimzike."

"Lakini hii ni kazi yangu. Ndiyo kazi kubwa nimewahi kufanya."

"Najua. Na umefanya vizuri, Mungu akubariki." Nduku aliongea polepole, bila hasira. "Lakini wewe ukikosa hii utachonga ingine. Mimi sizai tena."

Meneja alijifanya anasoma simu. Mwende alisimama pale na viatu vyake vya askari, machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Niliona anapoteza kitu kikubwa, na siwezi kusema kilikuwa kidogo kwa sababu kilikuwa cha sanaa. Kisha akamgeukia dereva. "Tunaenda Kwa Vonza," akasema.

Nyumbani kulikuwa na minong'ono. Shemeji za Nduku walisema mti hauzikwi na Wakristo. Pasta wake akaja, mtu mpole, akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Dada Nduku, siwezi kuombea mti. Watu wataniuliza."

"Sijakuomba uombee mti, pasta," Nduku akamwambia. "Mimi si mti."

Jioni kabla ya kuzika, Kyalo alikuwa amelazwa kwenye mkeka uani, na Mzee Nzioka alikuwa amekuja kutoka Sultan Hamud na vifaa vyake kwenye gunia, kama ilivyo kawaida yake, hata matangani. Nduku alikuwa anampa chai. Akamuuliza ghafla, "Hii dawa ya mchwa tulipaka, itakaa muda gani?"

Mzee alifurahi kuulizwa jambo analolijua. "Hiyo? Usiwe na wasiwasi. Hata wajukuu wa wajukuu wako wakimchimbua watamkuta hivyo hivyo, na rangi yake."

Uso wa Nduku ulibadilika. "Toa," akasema.

"Nitoe nini?"

"Hiyo dawa. Vanishi. Yote. Mwana wakwa alale kama watu. Aoze."

Niwaambie ukweli, neno lile lilinichoma. Maisha yangu yote nilikuwa nimefanya kazi moja tu, kuufanya mti usioze. Nilijua dawa zote, nilijua harufu ya mchwa kabla hawajaonekana. Sasa mwalimu wangu alikuwa ananiomba nimfungulie mchwa mlango. Mzee Nzioka aliweka kikombe chini. Akatoa tezo, akamgeuza Kyalo kifudifudi kwa upole, akaanza kumchimba kutoka mgongoni, akiiondoa sehemu iliyokunywa dawa, mpaka ukaonekana mti mweupe wa ndani, laini, ambao mchwa hawaukatai. Mwende akakaa chini akauliza ashike sehemu gani. Nilimpa mkono na chepe, na msasa mkali kabisa. Nikamwonyesha kusugua kwa kukata nyuzi, kinyume na kila kitu nilichowafundisha ninyi hapo mwanzo. Mti ukichanika hivyo unanyonya maji.

Uso tulimwachia Nduku. Alitumia msasa laini. Hakuwa na haraka. Aliondoa mng'ao kwenye paji, kwenye mashavu, kwenye ile nyusi, mpaka Kyalo akabaki mkavu na mwenye vumbi, kama alivyokuwa akirudi kutoka mtoni.

Tulimzika kando ya babake. Pasta alikuja. Alisimama nje ya ua wa michongoma, akamwombea mama aliyefiwa, ombi refu na zuri, macho yake yakitazama chini, na hakutazama ndani ya shimo hata mara moja. Shemeji zake Nduku ndio waliofukia. Nilishangaa kwamba Nduku hakulia. Alisimama tu, mikono imefungwa kifuani, akitazama udongo unavyopanda.

Banda letu lilifungwa baadaye. Wasafiri wengi wanapita kwa treni siku hizi, na wenye magari hawasimami. Ule mraba wa mall waliujaza vigae, na sasa kuna mtu anauza vifuniko vya simu juu yake. Lori bado zinaingia Tiva. Juzi nilipita darajani nikaziona zimejipanga, na vijana wamo shimoni, na mbingu huko juu ilikuwa nyeusi. Nilipiga kelele kutoka darajani. Mmoja wao alinipungia mkono.

Mnaniuliza ni kazi gani niliyoifanya vizuri kuliko zote, mkitarajia nitataja twiga fulani. Baada ya mvua ya pili tangu tumzike, Nduku alinipigia simu asubuhi. Hakunisalimu.

"Imetitia," akasema.

"Nini?"

"Kaburi. Hapo katikati. Nimeweka mkono, imezama."

Mchwa walikuwa wamepita mlango tuliowafungulia. Halafu akalia. Alilia kwa sauti, kilio kile cha mtu aliyefiwa leo, ambacho nilikuwa nimekingoja tangu siku ya mto na sikukisikia. Nilikaa kitandani na simu sikioni, nikamwacha alie mpaka amalize. Kisha nikamwambia achukue jembe, aongeze udongo, asawazishe.